Kisu Mgongoni mwa Punda

Siku mto ulipomkamata mume wangu, kisu tulichokitafuta kwa miezi mitatu kwa ajili ya siku kama hiyo kilikuwa mgongoni mwa punda, mwisho wa pili wa kamba aliyojifunga kiunoni. Mimi ndiye niliyekiweka huko. Nilikuwa nimefikiri vizuri kabla ya kukiweka, na nilikuwa nimemweleza sababu zangu moja baada ya nyingine, kama ninavyoeleza darasani.

Habari hii inaanzia Kitui, kwenye mkono wa mama yangu.

Mito yetu ni ya mchanga. Maji yamo chini, na kiangazi kikikaza mtu huchimba shimo hadi limfike kifuani, akasimama ndani yake akichota kwa kikombe cha bati na kumimina kwenye mitungi. Punda husubiri juu. Katikati ya mto hakuna mti wa kumfunga, na punda akiachwa huru huenda moja kwa moja kwenye mahindi ya mtu, halafu kesi hiyo huzungumzwa hadi kanisani. Basi kila mtu hufanya kitu kimoja: hufunga ncha moja ya kamba shingoni mwa punda na nyingine mkononi mwake. Mikono yote miwili inabaki na kazi yake, na punda haendi mbali. Hakuna aliyetufundisha. Tulikua tukiona.

Nilikuwa darasa la tano punda wa mama aliposhtushwa na fisi aliyepita mchana kweupe. Alikimbia na kamba. Ilikuwa kamba ya katani, imelowa, na kifundo cha katani iliyolowa kikivutwa hakifunguki kwa kucha wala kwa meno. Mama alikuwa na kisu kidogo cha kukunja, kimefungwa kwenye pindo la leso. Alikitoa. Hakikufunguka. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye bawaba yake. Mpaka jirani alipofika na panga, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekwisha. Hospitalini walivikata. Mama aliporudi nyumbani alijifunza upya kusuka kiondo kwa vidole vinane, na baada ya mwaka mmoja viondo vyake vilikuwa vimekaza kuliko vya zamani. Lakini kile kisu alikitupa chooni.

Katikati ya miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha shule ya msingi iliyo mbele ya Tawa, huko Makueni, wakati Makueni bado iko chini ya Machakos. Niliolewa huko huko na mfyatua matofali. Matofali hunywa maji kuliko ng'ombe. Mume wangu alikwenda mtoni na punda mara mbili, mara nyingine mara tatu kwa siku, na juma la kwanza la ndoa yetu nilimfuata nikaona alivyojifunga.

"Usijifunge hivyo," nilimwambia.

"Mimi sijifungi mkononi kama nyinyi watu wa Kitui," akasema. "Mimi ni kiunoni. Kiuno hakina vidole."

Hakuwa akimdharau mama. Alimpenda sana, na mama alimpenda. Lakini niliona kwamba hataacha, na kwamba mimi sitamwachisha. Kilichobaki kilikuwa kisu.

Ukame ulikuwa umeshikilia misimu miwili, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipoamua kwamba sitakubali tena kumwona akishuka kwenye shimo bila kitu cha kujikatia. Alikuwa mwepesi kukubali. Siku iliyofuata alipanda gari hadi Sultan Hamud na kurudi na kisu cha kukunja chenye mpini mwekundu, kinang'aa kama pete.

"Umeona?" akasema. "Hata kopo kinafungua."

Nilikichukua nikakizika kwenye karai la mchanga wa mto, nikamwagia maji, nikakiacha mpaka jioni. Kisha nikampa akifungue. Alijaribu kwa kidole gumba, akajaribu kwa meno, akajaribu kukigonga kwenye jiwe.

"Hiki si kisu," nikasema. "Ni bawaba iliyopakwa rangi."

Alikiosha, akakitia mfukoni, akawa anatembea nacho, kwa sababu alikuwa amekipenda.

Hapo ndipo nilipopata njia ya kupima. Mimi hutunza kipimo cha mvua cha shule, na nimezoea kwamba kitu kisichopimwa ni maneno tu. Nilichukua papai bichi lenye unene wa mkono wa mtu mzima, nikalizungushia kamba ya katani iliyolala ndani ya maji, nikakaza kifundo kwa nguvu zangu zote. Sharti lilikuwa moja: kisu kikate kamba na papai lisidhurike. Mume wangu alikaa kwenye rundo la matofali kutazama.

Kisu cha jikoni kilianza vizuri. Kisha mpini wa plastiki ukazunguka mkononi mwangu, kwa kuwa chuma kilikuwa kimeingia humo kwa urefu wa kidole tu, na ncha ikatumbukia kwenye papai.

"Mgonjwa amefariki," akasema mume wangu.

Panga lilikata kamba na nusu ya papai. Hata hivyo, ndani ya shimo linalomfika mtu kifuani hakuna nafasi ya kurusha panga. Kisu cha mchinjaji wa sokoni kilikuwa chembamba kwa kunolewa miaka mingi. Nilipokipindisha kidogo chini ya kamba kilivunjika kama biskuti, na ilibidi nimtafutie mwenyewe kingine. Majuma yalipita. Kila nilipotoka shule mume wangu aliuliza kutoka kwenye tanuru lake, "Mwalimu! Leo papai limepona?" Majirani nao wakaanza kuuliza. Watoto wa darasa langu wakaanza kuuliza.

Aliyenitoa hapo alikuwa mhunzi mmoja mzee aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Tawa. Alitengeneza majembe, patasi na vichwa vya mishale. Nilimkuta ameketi na mivukuto yake ya ngozi, na kabla sijamaliza salamu akauliza:

"Ni wewe mwalimu unayeua mapapai?"

"Ni mimi, mzee."

"Unataka kisu cha kazi gani?"

"Cha siku moja."

"Siku gani?"

"Siijui."

Alinitazama, akaacha kuvuta mivukuto. Nilimweleza habari za mama, mchanga, kamba na shimo. Alisikiliza akichora chini kwa kijiti, na nilipomaliza nikaona kwamba alikuwa amechora kisu.

Alinifundisha mambo ambayo sikuyajua, na ninayaandika hapa kwa sababu yamenisaidia maisha yote. Chuma kiwe kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini, bila kiungo, kwa sababu kiungo ndicho hufa kwanza. Mpini uwe vipande viwili vya mti vilivyobana chuma hicho, vikapigwa misumari inayopita upande hadi upande. Mgongo uwe mnene kiasi cha kupigwa kwa jiwe. Urefu usizidi kiganja na vidole vya mwenye kukitumia, maana kirefu zaidi ya hapo kinataka nafasi. Kisiwe kigumu mno: chuma kigumu mno hukata vizuri mpaka siku kinapovunjika, na hakitakuambia siku hiyo. Ncha isiwe kali sana. "Siku ya hatari mkono unatetemeka," alisema. "Mtu asije akajichoma akijiokoa."

Chuma chenyewe kilikuwa springi ya lori lililopinduka karibu na Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa amekihifadhi muda mrefu akingoja kazi inayokifaa. Alikipasha moto, akakipiga, akakizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, kisha akakirudisha kidogo kwenye joto hadi kikabadilika rangi kikawa kama majani makavu. Siku niliyokwenda kukichukua alikiingiza kwenye ufa wa gogo, akakivuta kando kwa uzito wake wote. Kilipinda kidogo. Alipokiachia kilirudi.

"Sasa leta mgonjwa," akasema.

Nilikuwa na papai ndani ya kiondo. Kamba ilikatika kwa mkupuo mmoja, nyuzi zake zikawa sawasawa kama nywele zilizonyolewa, na kwenye ngozi ya papai hakukuwa na mkwaruzo. Mke wa mhunzi, aliyekuwa akipepeta kunde pembeni, alipiga kigelegele. Nilirudi nyumbani na papai hilo zima, nikaliweka juu ya meza. Mume wangu alilizungusha mara mbili akilitafuta kidonda.

Kisu kizuri kina taabu yake. Ndani ya mwezi mmoja kijiji kizima kilikijua. Mtu anachinja mbuzi: "Mwalimu, tuazime kile cha Tawa." Kuna harusi, kuna harambee, kuna mzinga wa nyuki wa kusafisha. Kukatalia jirani kisu ni jambo gumu kwetu. Ni kama kumkatalia moto. Mara mbili mume wangu alishuka mtoni na kisu kiko nyumba ya tatu, kwenye mfupa wa mbuzi.

Basi nikatoa uamuzi. Kisu kitoke nyumbani kabisa. Nilikishonea ala ya ngozi yenye ukanda, nikakifunga kwenye tandiko la punda, ubavuni, juu ya mitungi. Sababu zangu zilikuwa tatu. Huko hakitaazimwa. Huko hakitasahaulika. Na mahali penye punda ndipo penye hatari.

"Na punda akienda na kisu?" aliuliza mume wangu.

"Punda haendi bila wewe. Si umejifunga?"

Alicheka. Mimi pia nilicheka.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi, kipimo cha mvua cha shule kilisoma sifuri, na nikaandika sifuri. Kuanzia saa sita mchana niliona mawingu yamekaa juu ya milima ya Mbooni, unakotoka mto wetu, lakini kwetu jua lilikuwa linawaka. Nilipomaliza masomo nilipitia mtoni kumsaidia mume wangu kupandisha mitungi. Nilisimama ukingoni. Yeye alikuwa ndani ya shimo katikati ya mto. Nilimwona kichwa na mabega. Punda alikuwa amesimama kando ya shimo, amelegeza sikio moja.

Nilisikia kwanza sauti kama ya lori linaloteremka mlima bila kushika breki. Punda aliinua kichwa. Kwenye kona ya juu yakatokea maji ya rangi ya chai, yakisukuma mbele yake povu, matawi na samadi. Ukuta wake haukuwa mrefu. Ulifika magotini, labda. Lakini nyuma yake palikuwa na mwingine, na mwingine.

"Toka! Mto! Toka!"

Alitoka. Alikuwa mwepesi siku hizo. Lakini punda aliona ukingo wa pili uko karibu zaidi, akakimbilia huko, na kamba ikakaza, mume wangu akaanguka chali. Maji yaliwafikia kabla hajasimama.

Chini kidogo ya mahali hapo kuna mwamba mkubwa katikati ya mto, na nyuma yake mto unapinda. Punda alipita upande wa mbali wa mwamba akapotea machoni pangu. Mume wangu aliletwa upande wangu. Kamba ikashikwa na mwamba, akasimama hapo, amevutwa kiunoni huku maji yakimpanda. Nilikimbia ukingoni nikiwa sambamba naye. Sisi watu wa mito ya mchanga hatujui kuogelea. Nilijua kwamba nikiingia tutakuwa wawili. Nilimwona akihangaika na kifundo. Nilimwona akitoa mfukoni kile kisu chekundu cha Sultan Hamud, akakiweka mdomoni, akakivuta kwa meno. Kilikataa. Maji yakamfunika kichwa, akatokea, yakamfunika tena. Nilipiga mayowe. Ninakumbuka pia kwamba nilikuwa nikihesabu kila alipozama, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Nilifika kumi na moja, na kamba ikalegea.

Aliachiwa kama gogo. Mto ulimviringisha, ukamtupa kwenye mizizi ya mkuyu hatua chache mbele yangu, nikamrushia leso niliyojitanda, akaishika. Nilimvuta mpaka nikaanguka nyuma, naye juu yangu. Alitapika maji na mchanga kwa muda mrefu. Kisha akafungua macho.

"Mwalimu," akasema, "papai limepona."

Nilimpiga kofi. Kisha tukalia, wote wawili, tukamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye matope.

Kipande cha kamba kilikuwa bado kiunoni mwake, kirefu, kinaburutika nyuma. Tulidhani kimekatwa na mwamba. Ila mwamba hutafuna kamba, huacha ndevu. Niliichukua ncha yake nikaitazama. Nyuzi zilikuwa sawasawa kama nywele zilizonyolewa. Nilikuwa nimeuona mkato huo mara moja tu maishani, nyuma ya soko la Tawa.

Mto ulishuka usiku, na asubuhi tulivuka. Punda alikuwa upande wa pili, chini ya mgunga, mzima, amefungwa kwenye mti kwa kile kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwake. Mtungi mmoja ulikuwa umekwenda na maji. Kisu kilikuwa kwenye ala, ubavuni. Nilikivuta. Kilikuwa kimepanguswa kikauka, hakina hata punje ya mchanga. Ukanda wa ala ulikuwa umefungwa vizuri, lakini kwa kifundo ambacho si changu wala si cha mume wangu. Kwenye matope kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, miguu mitupu, zikipanda kutoka majini hadi kwenye mawe. Juu ya mawe hazikuonekana tena.

Tulitaka kumshukuru tu. Siku hiyo tulipita nyumba zote za upande ule zinazotazama mto. Nilikuwa na daftari, nikiandika ni nani alikuwa wapi. Hakuna aliyejua. Bibi mmoja aliyekuwa akikausha mtama aliniangalia mimi na kalamu yangu.

"Kwa hiyo mtu akifanya wema siku hizi lazima aitwe jina kwenye rejista?"

"Nataka kumpa asante, nyanya."

"Basi itoe. Itasikika."

Jumapili mchungaji alitangaza kanisani, akamwomba huyo mtu asimame. Watu waligeuka kutazamana. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema pengine ni punda mwenyewe aliyekata, maana punda wa mwalimu lazima awe amesoma. Kanisa zima lilicheka, hata mimi. Hakuna aliyesimama.

Nilikipeleka kisu Tawa. Mhunzi alikiangalia makali kwa muda, akapitisha kidole gumba juu yake. "Alikata mara moja," alisema. "Alikuwa ndani ya maji, na punda anaruka, lakini alikata mara moja." Kifundo hakukijua. Nilitaka kumshukuru angalau yeye, naye akaniambia kwamba yeye alipiga chuma tu, nimshukuru aliyekishika. Hivyo shukrani yangu ikarudishwa tena mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo kisu kilikaa kiunoni mwa mume wangu, na kamba ikafungwa kwenye kigingi cha chuma alichokuwa akikipigilia mchangani. Majirani wengi walimwiga. Alifyatua matofali ya nyumba yetu, ya nyumba ya mchungaji, na ya madarasa mawili ya shule yangu. Makueni ilipofanywa wilaya yeye bado alikuwa akinitania kuhusu mapapai. Yote hayo niliyapata baada ya kuhesabu kumi na moja, na kila moja nimelipokea kama zawadi ya mtu nisiyemjua.

Ule ukanda wa ala sikuufungua. Niliukata juu ya kifundo nikatia mwingine, na ule wa zamani nikaupeleka Kitui, nimwonyeshe mama. Alikuwa ameketi mlangoni anasuka. Aliuchukua kwa mkono wake wenye vidole vitatu, akaugeuza, akakifuata kifundo mkunjo kwa mkunjo kama anavyofuata kosa kwenye kiondo.

"Hiki kimefungwa kwa mkono mmoja," alisema.

"Labda wa pili ulikuwa umemshika punda, mama."

"Ulisema punda alikuwa amefungwa mtini."

"Ndiyo."

"Basi alimfunga kwanza, akarudisha kisu baadaye. Na bado alitumia mkono mmoja, na meno. Ona, hapa ni meno." Alinirudishia ukanda. "Uliza habari za mkono wake mwingine. Kamba ile ilikuwa imekaza, na yeye aliishika kwa mkono huo ili aikate."

Nilirudi Makueni nikauliza. Niliuliza kwenye zahanati, kama kuna mtu aliyefika juma lile na mkono uliojeruhiwa, na wakanifungulia kitabu chao. Hakuwapo. Kwa miaka mingi, sokoni, kanisani, kwenye mikutano ya wazazi, nimesalimiana na watu wa upande ule wa mto nikiwatazama mkono wa kushoto kabla ya uso. Mikono yote niliyoitazama ilikuwa na vidole vyake vyote.